Mlango wa msaada wa akili uwe katika kila wadi

Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu jijini Nairobi aliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakiuka Katiba ya Kenya. Kwa kifungu hicho, tulichokirithi kutoka kwa sheria za mkoloni, mtu aliyejaribu kujitoa uhai akanusurika alihesabiwa mhalifu na angeweza kufungwa hadi miaka miwili. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu na chama cha madaktari wa magonjwa ya akili walikuwa miongoni mwa waliopeleka suala hilo mahakamani. Hoja ilikuwa kwamba mtu wa namna hiyo anahitaji tiba, na kumshtaki ni kumwadhibu kwa maradhi yake. Jaji alikubali. Sheria ile iliwafanya jamaa wamfiche mtu wao nyumbani na kuwaambia majirani ana malaria, wakichelea kwamba hospitali ingeita polisi. Hofu hiyo sasa haina tena nguvu ya sheria nyuma yake.

Hata hivyo, mahakama inaweza kufunga mlango wa seli lakini haiwezi kufungua wa zahanati. Familia imeambiwa mtu wake si wa kupelekwa kwa polisi, ila haijaambiwa apelekwe wapi. Na mambo haya hayangoji saa za kazi. Hutokea usiku, hutokea Jumapili, hutokea masika wakati barabara ya kwenda makao makuu ya kaunti haipitiki. Mama ambaye hana haja ya kumuuliza mtu pa kumpeleka mtoto mwenye homa anabaki ameduwaa mbele ya mwanawe wa miaka 20 ambaye hajalala siku nne, hali chochote, na jioni hii ameanza kugawa vitu vyake na kuaga. Naamini pengo kubwa zaidi katika huduma zetu za afya ya akili liko hapo, katika saa hizo za kwanza na katika wiki zinazozifuata. Madaktari zaidi tunawahitaji, sipingi. Lakini daktari aliye mbali, ambaye hakuna ajuaye namna ya kumfikia, hamwokoi mtu. Kila wadi ya nchi hii inapaswa kuwa na mahali panapojulikana pa kukimbilia akili inapoelemewa, na watu wanaojulikana ambao kazi yao haimaliziki siku ya dharura, bali wanamrudia mgonjwa na kumrudia tena.

Tulivyofika hapa tunajua. Hospitali ya Mathari ilianzishwa Nairobi mwaka 1910, na kwa zaidi ya karne moja imekuwa ndiyo jibu letu kwa ugonjwa wa akili: mtu akizidi, anapelekwa Mathari. Ugatuzi ulipoanza mwaka 2013, afya ikawa jukumu la kaunti 47, na mtu angetarajia huduma hii nayo isambae. Mwaka 2017 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu alipochunguza hali ilivyokuwa, alikuta hospitali 29 tu kati ya 284 za kiwango cha nne na zaidi ndizo zilizokuwa zikitoa huduma za afya ya akili. Jopokazi la kitaifa lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipotoa ripoti yake mwaka 2020 lilipendekeza maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la taifa. Mwaka 2022 Sheria ya Afya ya Akili ilifanyiwa marekebisho, na serikali za kaunti zikabebeshwa wajibu wa kutoa huduma hizi hadi katika ngazi ya msingi. Ukizisoma hati hizo moja baada ya nyingine utaona kwamba nchi imeshakubali tatizo lipo na imeshaandika la kufanya. Katiba yenyewe, katika kifungu cha 43, inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Haikusema dharura ya mwili peke yake. Kinachokosekana ni hatua ya mwisho kutoka kwenye karatasi hadi kijijini, na hatua hiyo, kwa maoni yangu, ni rahisi kuliko tunavyofikiri.

Nasema ni rahisi kwa sababu ya ushahidi uliopo kuhusu kinachomsaidia mtu aliyejaribu kujitoa uhai. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanywa katika nchi tano: Brazil, India, Sri Lanka, Iran na China. Watu 1,867 waliofikishwa katika vitengo vya dharura vya hospitali baada ya kujaribu kujiua waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipata matibabu ya kawaida. La pili lilipata matibabu hayo hayo, likaongezewa mazungumzo ya takriban saa moja kabla ya mtu kuruhusiwa kwenda nyumbani, kisha likafuatiliwa kwa simu au kwa kutembelewa mara tisa katika muda wa miezi 18. Mazungumzo yenyewe hayakuwa na miujiza: mtu alielezwa kuhusu hali yake, hatari zake, njia nyingine za kukabiliana na dhiki, na mahali pa kupata msaada. Miezi 18 ilipoisha, asilimia 2.2 ya watu wa kundi la kwanza walikuwa wamekufa kwa kujiua. Katika kundi la pili walikuwa asilimia 0.2. Tafiti nyingine zilizofuata hazikuonyesha tofauti kubwa kiasi hicho, na ni haki kulisema hilo. Lakini hata ukipunguza nusu, hata ukipunguza zaidi, ni vigumu kutaja kitu kingine cha bei nafuu namna hiyo ambacho hospitali zetu zingeweza kuanza kufanya mwezi ujao. Ziara au simu tisa hazihitaji mashine. Zinahitaji mtu ambaye jina la mgonjwa limo katika daftari lake na ambaye ataulizwa asipokwenda.

Kuna pia swali la nani anaweza kumsikiliza aliyeelemewa. Tumezoea kufikiri ni lazima awe mtaalamu mwenye shahada kadhaa, na kwa kuwa wataalamu hao ni wachache na wengi wao wako mijini, tunahitimisha kwamba hakuna la kufanya. Jirani zetu Uganda walikwisha kuijibu hoja hiyo zaidi ya miaka 20 iliyopita. Katika vijiji 30 vya Rakai na Masaka, maeneo yaliyokuwa yameumizwa vibaya na ukimwi, watu waliokuwa na dalili za unyogovu waliwekwa katika vikundi, wanawake na wanawake wenzao, wanaume na wanaume wenzao. Walikutana kila wiki kwa wiki 16, wakiongozwa na wenyeji waliopewa mafunzo mafupi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Katika vijiji vyenye vikundi, waliokuwa na unyogovu walishuka kutoka asilimia 86 hadi 6.5. Katika vijiji visivyo na vikundi walishuka pia, maana huzuni nyingine hupungua zenyewe, lakini walibaki asilimia 54.7. Nasi hapa kwetu, Dagoretti, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliwahusisha wanawake 421 waliokuwa na dhiki, wengi wao wakiwa wamepitia ukatili wa kijinsia. Wahudumu wa afya ya jamii, ambao si madaktari wala wauguzi, walikaa na kila mmoja vikao vitano. Miezi mitatu baadaye wanawake hao walikuwa na nafuu kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida.

Mtu mwenye kufuatilia mambo haya atanikatiza hapa, na anayo haki. Kuna utafiti mwingine mkubwa uliofanywa vijijini humu humu Kenya, ulioongozwa na wanauchumi, ambao ulilinganisha mazungumzo ya aina ile ile ya Dagoretti na kuwapa watu fedha taslimu. Mwaka mmoja baadaye, waliopewa fedha walikuwa na hali nzuri zaidi mifukoni na hata moyoni. Waliopewa mazungumzo hawakuonyesha tofauti yoyote na wale ambao hawakupewa kitu, hata wale walioanza wakiwa na hali mbaya ya akili. Basi, anasema mpinzani wangu, tatizo letu ni umaskini. Mtu hana karo, shamba limeuzwa, mkopo wa simu umemkaba koo, nawe unamletea mtu wa kumsikiliza. Mpe fedha.

Hoja hii ni nzito na siwezi kuipita juu juu. Nakubali nusu yake bila masharti: mazungumzo hayalipi deni, na mpango wowote wa afya ya akili unaojifanya umaskini haupo utashindwa. Ndiyo maana mhudumu anayeingia nyumba ya mtu aliyeelemewa lazima ajue pia namna ya kumuunganisha na Inua Jamii, mpango wa serikali wa ruzuku ya fedha, kama anastahili, na ofisi ya basari ya wadi, na afisa wa watoto, na kikundi cha akiba kilicho karibu. Lakini utafiti huo wa wanauchumi unafundisha jambo jingine ambalo mpinzani wangu haligusi. Kule Dagoretti nafuu ilipimwa baada ya miezi mitatu. Huku ilipimwa baada ya mwaka, na haikuonekana. Ukiweka matokeo haya mawili kando ya yale ya nchi tano, ambako mtu alifuatwa kwa mwaka mmoja na nusu, unaanza kuona kwamba vikao vitano vikiisha na mtu akaachwa na maisha yale yale, huenda nafuu nayo ikaisha. Kumbe tunapaswa kuachana na tabia ya kuendesha afya ya akili kama mradi wa miezi sita wenye fulana na bango, ambao mfadhili akiondoka nao unaondoka. Msaada unaodumu ni wa mtu aliye karibu, anayelipwa kwa bajeti ya umma, na ambaye mwaka ujao bado atakuwepo. Na zaidi ya hayo, fedha hazifiki usiku ule mtu anapotaka kujidhuru. Usiku ule anahitaji binadamu.

Sasa niseme mlango huo ungekuwa na nini. Kenya ina wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, waliokabidhiwa vifaa vyao na Rais Septemba 2023, kila mmoja akiwa na takriban nyumba 100 za kutembelea. Tanzania nayo ilizindua mpango wake Januari 2024 ikilenga kuwa na wahudumu 137,294. Wahamasishaji wetu wamepewa mashine ya kupima shinikizo la damu, kipima sukari, kipimajoto na mizani. Wanaingia nyumbani, wanajua nani amefiwa, nani amejifungua, nani ameachishwa kazi. Wafundishwe kuuliza maswali machache ya kutambua dhiki ya akili, kama wanavyouliza kuhusu kikohozi. Katika kila zahanati au kituo cha afya awepo muuguzi au afisa wa kliniki mmoja aliyefunzwa kwa mwongozo ambao Shirika la Afya Duniani liliutoa kwa ajili ya wahudumu wasio wataalamu, mpango ulioanza mwaka 2008. Dawa za msingi za kifafa, unyogovu na magonjwa makali ya akili ziwepo pale, maana mgonjwa aliyekwisha kupata nafuu Mathari kisha akarudi kijijini kusiko na dawa, anarudi alikotoka. Hospitali ya kaunti ndogo iwe na zamu ya usiku ambayo haitamfukuza mgonjwa wa akili wala kumfunga kamba. Na yote haya yaandikwe kwenye karatasi moja yenye jina la kituo, siku, saa na nambari ya simu, ibandikwe kwa chifu, shuleni, msikitini, kanisani, sokoni na kwenye steji ya bodaboda.

Wa bodaboda sikuwataja kwa bahati tu. Katika sehemu kubwa ya nchi hii ndio gari la wagonjwa. Usiku wao ndio walio macho, wao ndio wanaojua njia ya mkato, na wao ndio wanaopigiwa simu kabla ya hospitali. Wadi ambayo imekubaliana na chama chao kuhusu nani wa kuitwa usiku na kaunti italipa vipi safari hiyo, imekwisha kutatua jambo ambalo ripoti nyingi za kitaifa hazikuligusa. Mgonjwa aliyechanganyikiwa hapandi pikipiki peke yake, kwa hiyo makubaliano yataje pia nani atakayeandamana naye na lini gari linahitajika. Mambo madogo kama haya ndiyo huamua kama mtu atafika.

Pingamizi ninaloliogopa kuliko mengine yote ni la siri. Mhamasishaji wa afya ni jirani. Watoto wenu wanasoma pamoja, mnachota maji mahali pamoja, na neno likimtoka kisimani litakufikia wewe kabla hujafika nyumbani. Katika jamii ambayo bado inamwita mgonjwa mwendawazimu, na ambako uvumi wa ugonjwa wa akili katika ukoo unaweza kuvunja posa, hofu hii ni halali kabisa. Hakuna semina itakayoiondoa yote. Kwa hiyo mlango usiwe mmoja kwa maana ya mtu mmoja. Anayemwamini jirani aende kwa jirani. Asiyemwamini aende moja kwa moja kwa muuguzi wa zahanati, au avuke aende zahanati ya wadi nyingine bila kuulizwa kwa nini. Asiyetaka kuonekana na mtu yeyote apige simu kwa wasikilizaji walio mbali wasiomjua. Karatasi ile itaje njia zote tatu. Na mhudumu atakayetoa siri ya mgonjwa aondolewe kazini, hadharani, ili watu waone kwamba ahadi ya usiri ina meno. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 tayari inaihesabu taarifa ya afya ya mtu kuwa nyeti. Itumike.

Wengine husema kuzungumza na mtu kuhusu kujiua ni kumtia wazo ambalo hakuwa nalo. Imani hii imeenea sana, hata kwa walimu na viongozi wa dini wenye nia njema, na matokeo yake ni ukimya mahali ambapo swali moja lingetosha. Tafiti zilizokusanywa na kulinganishwa katika miaka ya karibuni hazijaona kwamba kumuuliza mtu waziwazi kunamwongezea mawazo hayo. Wengi hupata nafuu kwa kuulizwa, kwa sababu walikuwa wamebeba peke yao kitu ambacho hawakujua kama kinasemeka. Linalodhuru ni jinsi baadhi ya vyombo vyetu vya habari vinavyosimulia: kueleza njia iliyotumika, kuchapisha barua ya marehemu, na kukimbilia kusema alijiua kwa sababu ya mapenzi au deni, kana kwamba uamuzi wa namna hiyo una chanzo kimoja. Sisi tunaoandika magazetini tunao wajibu huo moja kwa moja. Kila habari ya kifo cha aina hii ichapishwe pamoja na nambari ya kupata msaada.

Kuhusu dini na waganga wa kienyeji, sikubaliani na pande zote mbili zinazopiga kelele. Wapo wanaosema imamu, mchungaji na mganga wanatosha, hospitali ni ya wasio na imani. Wapo wanaosema watu hao ndio chanzo cha kuchelewa kwa wagonjwa, waondolewe njiani. Makueni walijaribu jambo la busara zaidi. Katika mradi wa taasisi ya utafiti wa afya ya akili iliyoasisiwa na Profesa David Ndetei, waganga, viongozi wa dini na wahudumu wa jamii walifunzwa kutambua dalili na kuwapeleka wagonjwa kwa wauguzi na maafisa wa kliniki waliofunzwa. Hoja ya mpango ule ni rahisi: mgonjwa tayari anakwenda kwa watu hawa, basi na wao wajue lini wamkabidhi. Mcha Mungu anayeomba na mgonjwa kisha akamsindikiza hadi zahanati amefanya kazi mbili njema. Anayemfunga minyororo, anayemnyima chakula, anayemwambia aache dawa kwa sababu maombi yamejibiwa, huyo anavunja sheria na apelekwe mahakamani bila kujali vazi alilovaa.

Limebaki pingamizi la mzigo. Wahamasishaji hawa hulipwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Kila wizara yenye wazo jipya huwaongezea kazi. Nami nawaongezea nyingine, tena ngumu, ya kukaa na maumivu ya watu. Siwezi kudai hivyo bila kudai pia walipwe kwa wakati, wapewe fedha za simu na nauli, na wawe na msimamizi wa kumweleza yale waliyoyasikia, maana anayesikiliza naye huumia. Hilo lina gharama. Lakini tulinganishe na gharama tunayolipa sasa: mtu anayefikishwa hospitalini akiwa hoi, kitanda cha wiki kadhaa Nairobi, familia iliyouza ng'ombe, watoto walioacha shule. Mkakati wa Kitaifa wa Kuzuia Kujiua wa 2021 hadi 2026 uliahidi kupunguza vifo hivi kwa asilimia 10. Ahadi ya namna hiyo haiwezi kutimizwa Afya House, makao makuu ya Wizara ya Afya. Inatimizwa, kama itatimizwa, na mtu aliyevaa viatu vyenye matope.

Nakuomba wewe msomaji usingoje kaunti. Wiki hii nenda zahanati iliyo karibu nawe, hata kama nyumbani kwako kila mtu ni mzima, uulize: ni nani hapa anayehudumia wagonjwa wa akili, siku zipi, dawa zipi zipo, na usiku tuende wapi? Ukijibiwa, andika, uwape majirani, uwape wenzako wa chama. Usipojibiwa, andika pia, maana hilo nalo ni jibu, na lina mtu wa kupelekewa. Hifadhi kwenye simu nambari hizi. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hutoa ushauri wa kisaikolojia bila malipo kwa 1199. Befrienders Kenya, wanaosikiliza watu wenye mawazo ya kujitoa uhai, wanapatikana kwa 0722 178 177. Masuala ya watoto ni 116, ukatili wa kijinsia ni 1195, na ulevi na dawa za kulevya ni 1192. Na ukiwa na mtu ambaye unahofia maisha yake sasa hivi, usimwache peke yake. Muulize kwa upole na kwa maneno ya wazi kama anafikiria kujiua, msikilize bila kumhubiria, waombe jamaa waondoe dawa, sumu na kila cha hatari kilicho karibu, kisha mpelekeni pamoja hospitali yoyote yenye kitengo cha dharura. Haihitaji kuwa Mathari. Kabla ya kuondoka hospitalini ulizeni siku ya kurudi na nani atampigia simu, na msiondoke bila jibu.

Kwa wanaoshika mfuko, ratiba yao inajulikana. Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili kila mwaka, na kabla ya kupitishwa wananchi huitwa kutoa maoni. Vikao hivyo mara nyingi hujaa maombi ya barabara na taa za mitaani. Nendeni mkaombe barabara, lakini mwulizeni mwakilishi wadi wenu, kwa sauti na mbele ya watu, ni shilingi ngapi mwaka huu zimetengewa afya ya akili, na katika zahanati ipi. Jibu lake liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao, na mwakani aulizwe tena.